Kuchagua kisimamizi chepesi cha madirisha kwa kompyuta kuukuu ya mezani

Kompyuta ninayoizungumzia hapa ni ya mezani, ya mtumba: Core 2 Duo, RAM ya GB 2, diski ya GB 160 na kioo cha mraba cha inchi 17. Iko kwenye duka la steshenari la mdogo wangu hapa Morogoro. Kazi yake ni kuchapa barua, kuskani vyeti, kujaza fomu za mtandaoni na kuprinti CV za watu wanaotafuta kazi. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizipokei rasmi kompyuta za umri huu. Tukahamia Linux, mfumo endeshi mwingine. Lakini mfumo wa kwanza tuliouweka ulikuwa umejaa madoido, na RAM ilikuwa inaisha nusu kabla hata hatujafungua kivinjari. Mteja akileta flashi, mashine inaganda, foleni inarefuka.

Kilichotuokoa zaidi ni kubadilisha kisimamizi cha madirisha. Nimefanya hivyo kwenye kompyuta kadhaa tangu hapo, na ninaandika hatua nilizofuata ili nawe usipoteze siku nyingi kama nilizopoteza.

Kwanza, tuelewane kuhusu kitu chenyewe

Kwenye Linux, kile kinachochora fremu ya dirisha, kinacholisogeza, kulikunja na kulifunga ni programu inayojitegemea. Ndivyo mfumo wa X, ule unaoleta picha na madirisha kwenye kioo, ulivyoundwa. Ulianzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11, ambalo bado tunalitumia, lilitoka mwaka 1987. Seva ya X, yaani programu yake kuu, inachora kwenye kioo na kupokea kibodi na mausi. Sheria za madirisha zimeachiwa programu nyingine. Kwa hiyo unaweza kutoa kisimamizi kimoja na kuweka kingine bila kugusa barua wala picha zako, na bila kuweka Linux upya.

GNOME, KDE Plasma na Xfce ni mifumo kamili ya eneokazi. Ndani ya kila mmoja kuna kisimamizi chake, halafu kuna upau, programu ya faili, arifa, vidhibiti vya sauti na huduma nyingi zinazoamka zenyewe mashine inapowaka. Ukiweka kisimamizi peke yake, hizo nyingine zote unazichagua wewe. Hapo ndipo wepesi unapatikana, na hapo pia ndipo watu wengi wanapokwama. Nitalirudia jambo hili mbele.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika:

`lscpu`

Tazama mstari wa pili au wa tatu hivi, unaotaja biti. Ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, uko salama. Ukiona 32-bit peke yake, kama ilivyo kwenye Pentium 4 nyingi za mwanzo, usihangaike na Debian 13, mojawapo ya aina za Linux, kwa sababu haina tena programu ya kuiweka kwenye mashine za aina hiyo. Chukua aina nyingine ya Linux, antiX 23 ya biti 32. Inatokana na Debian 12, na inakuja na IceWM, Fluxbox na JWM tayari ndani, hivyo nusu ya kazi ya mwongozo huu imeshafanyika.

Kisha andika:

`free -m`

Namba zinazotoka ni megabaiti. Safu ya `available` ndiyo ya kuamini, kwa kuwa inaonyesha RAM ambayo programu mpya inaweza kuipata. Safu ya `free` huwatisha watu bure: Linux hutumia RAM iliyo wazi kutunza vitu ilivyovisoma kwenye diski, na huiachia mara inapohitajika.

Mwisho, angalia kioo. Vioo vya mraba vya inchi 17 vinavyokuja na kompyuta za ofisi za zamani huwa na nukta 1280 kwa 1024. Iandike namba hiyo mahali. Itaamua jambo kubwa baadaye.

Hatua ya 2: Nani anakaa kwenye kiti?

Ukiniuliza kisimamizi kipi ni kizuri, nitakuuliza nani anatumia hiyo kompyuta. Orodha nyingi zinaanza na namba za RAM, lakini tofauti kati ya visimamizi vyepesi wenyewe kwa wenyewe ni ndogo mno ukilinganisha na kivinjari kimoja chenye kurasa tano. Ukishaondoka kwenye mfumo mzito, tofauti ya megabaiti kumi au ishirini haitaonekana kazini. Mikono ya mtumiaji ndiyo itakayoonekana, kila dakika.

Kuna koo mbili za visimamizi, yaani familia mbili. Ya kwanza ni ya madirisha yanayoelea: unayavuta kwa mausi, yanapandana, unayakunja, kama watu wengi walivyozoea tangu Windows. Humo kuna IceWM, Openbox, Fluxbox na JWM. Ya pili ni ya vigae: kisimamizi chenyewe kinagawa kioo, madirisha yanakaa ubavu kwa ubavu bila kupandana, na kazi karibu yote inafanywa kwa kibodi. Humo kuna i3, dwm, awesome, xmonad na bspwm.

Kama kompyuta inatumiwa na watu zaidi ya mmoja, wakiwemo wasiojali kabisa mambo ya kompyuta, chukua ukoo wa kwanza. Kama ni yako peke yako, unaandika sana au unaandika programu, na uko tayari kujifunza siku nne tano mikono ikiwa mizito, ukoo wa pili unaweza kukufaa kuliko kitu chochote ulichowahi kutumia.

Dukani niliweka i3, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa naipenda. Siku ya pili mdogo wangu akanipigia: "Kaka, barua ya mteja imepotea, na yeye amesimama hapa." Haikuwa imepotea. Kijana wa dukani alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na 2, akahamia nafasi ya kazi ya pili, ambayo ni kama meza nyingine tupu, na barua ikabaki ya kwanza. Kwangu ni jambo la kubonyeza vitufe viwili. Kwa mtu mwenye mteja mbele yake, ni kazi ya saa nzima iliyoyeyuka. Nilikwenda kuiondoa jioni ile ile.

Hatua ya 3: Weka viwili au vitatu kwa pamoja

Visimamizi vinaweza kukaa pamoja kwenye diski moja bila kugombana. Kama tayari una Debian au Ubuntu yenye eneokazi, andika:

`sudo apt install icewm openbox i3`

Hivi ni vifurushi vidogo, havitakumalizia bando. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako. Kwenye skrini ya kuingilia, kabla ya kuandika nenosiri, tafuta alama ndogo ya kuchagua kikao, yaani kisimamizi utakachoingia nacho. Kama skrini yako ya kuingilia ni ya programu ya LightDM, iko juu kulia. Bofya, chagua IceWM Session, ingia. Kama hujapendezwa, toka, rudi kwenye kile cha zamani. Hakuna kilichoharibika.

Kama unaanza upya kabisa, weka Debian, na ufikapo kwenye orodha ya maeneokazi ondoa alama zote, ubaki na huduma za kawaida za mfumo. Kwenye swali la nenosiri la root, yaani akaunti kuu ya mfumo, liache wazi. Ukifanya hivyo, akaunti yako yenyewe inapewa ruhusa ya kutumia `sudo`, neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi. Ukilijaza, utajikuta huna `sudo`, na amri zote za hapa zitakugomea. Mashine ikiwaka na kukuonyesha maandishi meupe tu, ongeza:

`sudo apt install xorg lightdm icewm lxterminal pcmanfm firefox-esr`

Kisha iwashe upya.

Hatua ya 4: IceWM, wiki ya kwanza

Ninashauri kila mtu aanze hapa. IceWM ilianzishwa na Marko Maček mwaka 1997 na bado inatunzwa. Ina upau wa chini, menyu pembeni kushoto, saa kulia na orodha ya madirisha yaliyofunguliwa katikati. Mtu aliyetoka Windows anakaa na kuanza kazi. Hakuna somo la kumfundisha.

Mipangilio yake inakaa kwenye folda `.icewm` ndani ya folda yako ya nyumbani, katika mafaili ya maandishi ya kawaida. Itengeneze:

`mkdir -p ~/.icewm`

Faili la kwanza ni `preferences`. Huna haja ya kuandika kila kitu, andika tu unachotaka kubadilisha. La dukani lina mistari hii:

`WorkspaceNames="Wateja","Mtandao","Yangu"`
`TimeFormat="%H:%M"`
`TaskBarShowCPUStatus=1`
`TaskBarShowNetStatus=1`

Mstari wa kwanza unazipa nafasi za kazi majina ya Kiswahili, nayo yanaonekana kwenye upau. Baada ya kisa cha i3, nilitaka mtu akihama aone kwa macho kwamba yuko "Mtandao" na si "Wateja". Tangu hapo hakuna barua iliyopotea. Mistari miwili ya mwisho inaweka vigrafu vidogo vya prosesa na mtandao pembeni ya saa. Kile cha mtandao kina faida kubwa kwa anayenunua bando: ukikiona kinapanda wakati hujafungua chochote, kuna kitu kinakula data yako, na utakijua mapema.

Faili la pili ni `menu`. Muundo wake ni neno `prog`, jina unalotaka lionekane, jina la ikoni, kisha amri:

`prog "Andika barua" libreoffice-writer libreoffice --writer`
`prog "Intaneti" firefox-esr firefox-esr`
`prog "Faili na flashi" system-file-manager pcmanfm`

Fungua menyu sasa. Badala ya majina ya programu ambayo mgeni hawezi kuyajua, anaona kazi anayotaka kufanya. Ninaona jambo hili linamsaidia mtumiaji wa Kiswahili kuliko rangi na picha zote tunazohangaikia.

La tatu ni `startup`, linalotaja vitu vya kuamka pamoja na kikao. Mfano wake uko hatua ya 6. Kumbuka kulipa ruhusa ya kuendeshwa, la sivyo IceWM italipita kimya kimya na utajiuliza kosa liko wapi:

`chmod +x ~/.icewm/startup`

Kila ukibadilisha kitu, toka kwenye akaunti uingie tena. Mandhari nyingine za rangi ziko kwenye menyu ya mipangilio. Ya kawaida ina sura ya kizamani, lakini haichoshi macho, na sisi tumeiacha.

Hatua ya 5: Vingine, na sababu ya kuvihitaji

Openbox ni tupu zaidi. Ukiingia unakutana na kioo cheusi tu, bila upau. Bofya kulia mahali popote na menyu inatokea. Kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba eneokazi la LXDE, kwa hiyo inawezekana uliwahi kuitumia bila kuijua. Inamfaa mtu anayetaka kujenga meza yake mwenyewe: upau utaweka `tint2`, picha ya nyuma utaweka `feh`. Anza kwa kunakili mafaili ya mfano:

`mkdir -p ~/.config/openbox`
`cp /etc/xdg/openbox/* ~/.config/openbox/`

Vitufe viko ndani ya `rc.xml`. Ukitaka kitufe cha Windows pamoja na E kifungue programu ya faili, ongeza ndani ya sehemu ya vitufe:

`<keybind key="W-e"><action name="Execute"><command>pcmanfm</command></action></keybind>`

Kisha `openbox --reconfigure`, na mabadiliko yanaanza papo hapo. XML, muundo wa faili hilo, haisamehe: ukisahau alama moja ya kufunga, faili zima linakataliwa. Tunza nakala ya lile lililokuwa linafanya kazi.

Fluxbox ilichipuka kutoka Blackbox mwaka 2001, na ina jambo moja zuri sana: unaweza kuunganisha madirisha ya programu tofauti yakawa kama kurasa za kivinjari, chini ya kichwa kimoja. Kwa kioo kidogo ni msaada wa kweli. JWM ndiyo nyembamba kuliko hizi zote. Kwa mashine yenye RAM ya MB 512 ningeichagua bila kufikiri mara mbili, na mipangilio yake yote iko kwenye faili moja, `.jwmrc`. Andika `jwm -p` kila unapoigusa, itakuambia kama kuna kosa kabla hujaumia.

Sasa i3. Michael Stapelberg aliianzisha mwaka 2009, na maelezo yake ya matumizi ni miongoni mwa yaliyoandikwa vizuri kuliko yote katika ulimwengu wa Linux. Mara ya kwanza itakuuliza kitufe kikuu kiwe kipi, Windows au Alt. Chagua Windows. Ukichagua Alt, utagongana na vitufe vya programu nyingine. Chagua Alt tu kama kibodi yako ni ya zamani kiasi cha kukosa kitufe cha Windows.

Vitufe vya kuanzia ni vichache. Kitufe kikuu na Enter kinafungua terminali. Kikuu na D kinafungua mstari wa kuandika jina la programu. Kikuu, Shift na Q kinafunga dirisha. Kikuu na namba kinakuhamisha nafasi ya kazi, na ukiongeza Shift unalihamisha dirisha lenyewe. Viandike kwenye karatasi, ibandike chini ya kioo.

Ile namba ya kioo uliyoiandika sasa inaingia. Vigae viwili kwenye nukta 1280 vinapata nukta 640 kila kimoja. Kurasa nyingi za intaneti hazisomeki vizuri kwa upana huo, na fomu za serikali zenye majedwali ndiyo kabisa. Nimeona watu wakiiacha i3 kwa sababu hii, wakidhani ukoo mzima wa vigae haufai. Dawa ni kubonyeza kitufe kikuu na W. Madirisha yanakuwa kurasa zilizopangwa nyuma ya vichwa vyake, kila moja likichukua kioo kizima. Kikuu na E kinarudisha vigae. Kwa kioo cha mraba, ishi na W, utumie vigae pale tu unapolinganisha maandishi mawili.

Dwm, awesome na xmonad nitavitaja tu. Dwm inabadilishwa kwa kuhariri msimbo wa C na kuukusanya upya, awesome inataka Lua, xmonad inataka Haskell. Ni vizuri, lakini ni vya mtu ambaye tayari anajua kwa nini anavitaka.

Na Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X? Sway inafuata mipangilio ya i3, na labwc inafuata nyayo za Openbox. Tangu Oktoba 2024 Raspberry Pi OS inatumia labwc. Kwa mashine mpya ningesema jaribu. Kwa kompyuta ya zamani ambayo kadi yake ya picha ni dhaifu, baki na X, maana visimamizi vya Wayland vinaitegemea zaidi kadi hiyo.

Hatua ya 6: Vitu vitakavyokosekana

Hapa ndipo wengi wanaporudi nyuma. Wameweka kisimamizi, kinaruka kama swala, halafu mteja anachomeka flashi na hakuna kinachotokea. Kisimamizi hakihusiki na flashi. Wala Wi-Fi, wala sauti, wala printa. Ongeza:

`sudo apt install network-manager-gnome pavucontrol gvfs udisks2 lxpolkit cups system-config-printer`

Kisha kwenye `startup` ya IceWM:

`#!/bin/sh`
`nm-applet &`
`lxpolkit &`
`pcmanfm -d &`

Wa kwanza unaleta alama ya mtandao kwenye upau. Wa pili unaonyesha dirisha la nenosiri pale programu inapoomba ruhusa. Wa tatu unaikalisha PCManFM nyuma ya pazia ili flashi ikichomekwa ifunguke yenyewe. Kwenye Openbox mistari hiyo hiyo inaingia faili la `autostart`, na kwenye i3 unaweka `exec` mwanzoni mwa kila amri badala ya `&` mwishoni.

Ukipenda ikoni juu ya eneokazi, tumia `pcmanfm --desktop`. Lakini fahamu kwamba itaifunika menyu ya kubofya kulia ya kisimamizi chako. Kwenye Openbox hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu menyu hiyo ndiyo mlango wako.

Jaribu kila kitu kabla ya kumkabidhi mtu mashine: flashi, printa, skana, sauti, kuzima na kuwasha.

Hatua ya 7: Pima kwa haki

Washa kompyuta, ingia kwenye kikao kimoja, subiri dakika mbili, andika `free -m`, andika namba ya `available` kwenye karatasi. Fungua kivinjari na kurasa zile zile tatu, pima tena. Zima, ingia kikao kingine, rudia. Usipime baada ya kutwa nzima ya kazi halafu ulinganishe na mashine iliyowashwa sasa hivi.

Dukani, kutoka eneokazi zito hadi IceWM tulirudishiwa zaidi ya MB 500. Kutoka IceWM kwenda JWM sikuona faida yoyote ambayo mteja angeihisi. Ndipo nikaacha kutafuta chepesi zaidi, nikashughulika na kivinjari: niliweka uBlock Origin kuzuia matangazo, nikawazoesha vijana kufunga kurasa zisizo na kazi, na nikaongeza `zram-tools`, ambayo hutenga sehemu ya RAM na kubana data ndani yake. Kugandaganda kuliisha hapo.

Hatua ya 8: Kaa nacho, amua, hifadhi

Ipe kila moja siku saba za kazi halisi. Siku ya kwanza kila kipya kinapendeza, siku ya tatu kila kipya kinaudhi. Kuanzia siku ya tano ndipo utaona kama mkono unakwenda wenyewe au bado unatafuta. Kuwa na daftari, andika kila kilichokukwaza. Kama mambo mengi yanarekebishika kwa mstari mmoja wa mipangilio, endelea. Kama yale yale yanajirudia, nenda kwenye kinachofuata.

Ukishaamua, nakili mipangilio yako kwenye flashi. Kwa IceWM:

`cp -r ~/.icewm /media/jina-lako/jina-la-flashi/`

Badilisha majina hayo mawili yalingane na yako. Diski ikifa, na diski za mtumba hufa, utaweka Linux mpya, utarudisha folda hiyo moja, na menyu ya "Andika barua" itakuwa pale pale. Kisha ondoa usivyovitaka, ili mtu asivichague kwa bahati mbaya kwenye skrini ya kuingilia:

`sudo apt purge openbox i3 i3-wm`

Kabla ya kukubali kwa Y, soma orodha ya vitakavyoondoka. Ukiona `lightdm`, `xorg` au kisimamizi ulichokichagua kimo humo, jibu N, kisha ondoa kimoja kimoja.